Tumeshinda au Tumeshindwa?

Swali lililonifanya niwe jaji niliulizwa kwenye ngazi za mahakama, jua la utosi, na aliyeniuliza alikuwa mama yangu mzazi. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia choo kwenye nyumba ya ugenini.

"Mwanangu, tumeshinda au tumeshindwa?"

Nilikuwa msichana wa kidato cha pili. Nilikuwa nimevaa sare ya shule siku ambayo sikwenda shule, kwa sababu mama aliamini sare ingewaonyesha watu wa mahakama kwamba na sisi tuna msomi. Kazi niliyoletwa kuifanya ilikuwa moja tu: kusikiliza Kiingereza. Kitongoji chetu kizima, huko mbele ya Naliendele, kilijua kwamba kesi ya mikorosho ya mama imepanda mpaka mahakama ya juu mjini Mtwara, na kwamba huko juu hukumu husomwa kwa lugha ya wenyewe. Upande wa pili haukuwa na wakili. Mama naye hakuwa na wakili. Alikuwa na mimi.

Na mimi sikujua. Jaji, mzee mwenye sauti ya mafua, alisoma karatasi baada ya karatasi bila kuinua macho. Neno la mti nililijua, la ardhi nililijua, jina la marehemu baba nililisikia likitamkwa vibaya. Mengine yote yalipita juu ya kichwa changu. Kisha tukaambiwa tusimame, jaji akainama, na sisi tukainama, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyegeuka kutuambia lolote. Karani alishaanza kuita majina ya kesi nyingine.

Nikamwambia mama ukweli: "Sijui, mama."

Kesi yenyewe haikuwa ngumu. Baba alipofariki, kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, alisema shamba lirudi kwenye ukoo wao wa upande wa mama yao, kama desturi yetu inavyotaka mali ya mwanaume irudi. Mama hakubishia ardhi. Alibishia miti. Mikorosho ile aliipanda yeye, mbegu moja moja, mimi nikiwa mgongoni. Kwetu mti ni wa aliyepanda, hata kama udongo si wake, na kila anayetaka kuazima shamba la mtu huambiwa mapema: lima mihogo, lima mbaazi, lakini usipande mti. Kwenye mahakama ya mwanzo mama alisimama akasema, "Huu nti nimeupanda mimi, ule nti nimeupanda mimi," mpaka hakimu akamwomba aishie hapo. Akashinda. Baba mkubwa akakata rufaa, akashindwa, akakata tena, na ndipo tukafikishana pale kwenye ngazi.

Tukiwa tumesimama hivyo, mama ameninyooshea uso na mimi sina la kumpa, upande wa pili wa baraza shangazi yangu akapiga kigelegele. Baba mkubwa akainua mikono juu. Ndugu zao wakaanza kupeana mikono, mmoja akamwaga maji ya chupa kichwani kwa furaha. Mama aliwatazama, akakaza kanga yake kiunoni.

"Basi," akasema. "Wenyewe wameshajua. Twende."

Sasa lazima nieleze jambo la kufagia, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa tulivyoumia. Korosho hazichumwi. Unangoja bibo, yaani tunda lake, liive lidondoke lenyewe na korosho yake. Kwa hiyo kabla ya msimu mwenye mti hufyeka, halafu hufagia chini yake hadi mchanga ung'ae, ili kila kinachodondoka kionekane. Kwetu kufagia ni kutangaza. Ukikuta mkorosho umefagiwa, unajua una mwenyewe na mwenyewe yu hai, unapita mbali. Usiofagiwa ni wa ngedere na wapita njia.

Msimu ule baba mkubwa alikuja na ufagio wake wa chelewa na wanawe wawili, akafagia miti yote ya mama. Mama aliwasikia kutokea uani, chwa, chwa, chwa, akaendelea kumenya muhogo. Nikamwambia twende tukawafukuze. Nilikuwa na hasira za kutosha kufukuza tembo. Akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mahakama imesema." Aliiheshimu mahakama kuliko tumbo lake, na hilo ndilo lililonichoma. Tulikula muhogo wa kuchemsha, muhogo wa kuchoma na ugali wa muhogo, na korosho tuliziona zikipita kwenye magunia ya watu.

Shule zilipofungwa nilishuka mjini nikaenda mahakamani peke yangu. Sikwenda kuuliza kama tulishindwa, hilo nililijua. Nilikwenda kuuliza kwa nini. Kwenye dirisha la masijala alikaa karani mmoja mwanamke, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Nikataja kesi. Akatafuta jalada, akafunua ukurasa wa mwisho, akanitazama juu ya miwani.

"Nani kakwambia mmeshindwa? Rufaa ya baba yako mkubwa ilitupwa. Miti ni ya mama yako."

Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anayezungumza na kiziwi. Nilirudi nyumbani nusu nikitembea, nusu nikikimbia, na njiani nilicheka na kulia kwa zamu, watu wakinipisha.

Mama alikuwa na kisu na muhogo mkononi. Nikamwambia. Akamaliza kuumenya ule muhogo mpaka mwisho, akauweka kwenye beseni la maji, ndipo akasema, "Yaani nimeshinda tangu siku ile?"

"Tangu siku ile, mama."

"Nikakaa humu ndani nimeshinda?"

Alijifunga kanga ya pili akatoka, na mimi nyuma yake. Tulimkuta baba mkubwa barazani kwake anasuka kamba. Nilitegemea ugomvi, na sitaficha, niliutamani. Lakini alipoambiwa alifungua mdomo ukabaki wazi. Kumbe na yeye hakujua. Hakuelewa neno hata moja la ile hukumu. Alisikia kigelegele tu, akadhani mwenzake kasikia kitu. Shangazi akaitwa, akaulizwa kigelegele alikitoa wapi. Akasema jaji alipoinama aliinama akiangalia upande wao, basi akaona ndiyo dalili.

"Shemeji," baba mkubwa akamwambia mama, "wallahi mie nilifagia kwa moyo safi."

Kilicholiwa kilikwishaliwa. Lakini msimu uliofuata, kabla mama hajatoka ndani, tulisikia tena chwa, chwa, chwa. Tukatoka. Baba mkubwa alikuwa anafagia mstari wa kwanza wa mikorosho, peke yake. Alipoumaliza akaegemeza ufagio begani, akamsalimia mama, akaenda zake. Tangu mwaka ule hajakosa. Mstari wa kwanza ni wa kwake kufagia, na korosho za mstari huo ni za mama.

Mimi nikamwambia mama kwamba nitasomea mambo haya ya hukumu mpaka niwe yule anayesoma pale mbele. Hakunipongeza wala hakunibariki. Alisema, "Sawa. Lakini usome tusikie."

Basi nikaenda Dar es Salaam kusomea sheria, kwa pesa za mikorosho ile ile. Nilidhani adui yangu ni Kiingereza. Kumbe nyuma ya Kiingereza kulikuwa na Kilatini kimejificha kinanisubiri. Wenzangu wengi walitoka shule kubwa, walizungumza kama redio. Mimi nikifungua mdomo walisikia kusini. "Ntu wa Ntwara," waliniita, na wakinituma dukani waliniambia nirudi na korosho. Niliwajibu kwamba korosho wanazokula kwenye harusi zao zimefagiliwa na mama yangu, kwa hiyo waseme asante kwanza. Utani nauweza, nimekulia ndani yake. Ila usiku mmoja mmoja nilijifunika shuka nikalia kimyakimya, kwa sababu nilisoma kesi yenye kurasa nyingi nikafika mwisho bila kujua nani kashinda. Nilikuwa nimerudi pale pale kwenye ngazi.

Ndipo nikabuni njia yangu. Kila kesi niliyosoma nilimsimulia mama, ingawa mama yuko Mtwara na mimi niko bwenini. Nilikaa kitandani nikasema kwa sauti: mama, kulikuwa na bwana mmoja, akamwuzia mwenzake meli ambayo imeshazama. Mwenzake akaenda mahakamani. Huyu alisema hivi, yule akasema vile. Jaji akasema hivi, kwa sababu hii. Fulani kashinda. Kama nilikwama katikati, nilijua sijaelewa, narudi kitabuni. Yule niliyekaa naye chumba kimoja alinicheka wiki ya kwanza. Wiki zilizofuata akawa anazima taa ya kwake anasikiliza. Halafu wakaja wa chumba cha pili na kanga zao, wakakaa sakafuni. Wale wale wa "Ntu wa Ntwara" sasa waligonga mlango kabla ya mtihani wakiuliza, "Leo mama anasimuliwa nini?" Matokeo yalipobandikwa ukutani, jina langu lilikuwa juu kiasi kwamba sikuliona, kwa sababu nilianza kulitafuta chini. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Nikaenda shule ya sheria kwa vitendo, nikaapishwa uwakili, nikaomba kazi ya uhakimu, nikapelekwa wilaya ya baridi ambako hawajui hata bibo ni nini. Nilifika nikiwa na sweta moja na ulimi mkali. Kadiri nilivyopandishwa ngazi, ndivyo nilivyotakiwa kuandika Kiingereza. Watu wanatoa ushahidi kwa Kiswahili, mimi naandika Kiingereza, nasoma Kiingereza, nao wananitazama mdomoni. Kila mara niliwaona: yule mama aliyekaza kanga, yule mzee anayesubiri nani atapiga kigelegele kwanza.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Nikimaliza kusoma hukumu kama ilivyoandikwa, nafunga jalada, navua miwani, nawaita kwa majina. "Mama, umeshinda. Sababu ni hii. Na wewe, mzee, umeshindwa. Sababu ni hii. Usiporidhika, una haki ya kukata rufaa, na siku zake ni hizi." Nawauliza kama wamesikia. Siinuki mpaka waniambie wamesikia.

Mkubwa wangu mmoja, mtu mwema lakini mgumu kama kokwa, alipita siku moja akanisikia. Akaniita ofisini. "Mahakama si kijiwe cha kahawa," akasema. "Hukumu ni ile uliyoandika. Hayo mengine unayoongeza ni maneno yako."

Nilikuwa mdogo kwake kwa cheo na kwa umri, nikaanza kwa kusema shikamoo upya, ili anisamehe nitakachosema. "Mheshimiwa, aliyeshindwa anatakiwa akate rufaa ndani ya muda. Atakataje rufaa ya jambo ambalo hajui kama limetokea?"

Akapanga kalamu zake mezani. Hakunikataza tena. Baadaye nikasikia kwamba naye ameanza kuvua miwani.

Miaka ilikwenda. Nikawa msajili wa mahakama, nikazunguka nchi, nikaolewa, nikazaa, nikanyonyesha mtoto huku nasoma majalada. Halafu siku moja simu ikaita nikiwa sokoni, nikaambiwa nisikae mbali na simu, na kesho yake nikaambiwa nimeteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Nilimpigia mama. Alikuwa shambani, upepo unavuma kwenye simu. Alipiga kigelegele kirefu mpaka kikakatika, kikaanza tena. Nikasikia sauti ya baba mkubwa kwa mbali ikiuliza, "Safari hii una hakika lakini?"

Siku ya kiapo mama alikaa kwenye kiti chenye mto, amevaa gauni la kitenge alilokataa kunionyesha kabla. Nilitokea na joho jekundu na lile wigi la majaji. Nilipomfikia nikapiga goti, joho likanisumbua, akaniinua. Alinitazama kichwani kwa muda.

"Haya manyoya ya kondoo ni ya nini, mwanangu? Nywele zako zimeisha?"

Kila aliyekuwa karibu alicheka, na mimi nilicheka huku machozi yananitiririka. Nilifurahi siku ile kwa furaha ambayo sijui kuipunguza.

Na wakati huo, sheria ilikuwa imebadilishwa: lugha ya mahakama ikawa Kiswahili. Wengine walinung'unika. Mimi nilikwenda nyumbani nikapika pilau. Lakini nilipokaa kuandika hukumu yangu ya kwanza kwa Kiswahili, nilipata somo. Kiingereza kilikuwa kimenizoesha kujificha. Kuna aya ambazo kwa miaka mingi niliziandika zikaonekana na hekima tele, na nilipoziweka kwa Kiswahili nikaona hazisemi kitu. Nilizifuta nikaanza upya. Nilirudi kwenye njia yangu ya bwenini: mama, kulikuwa na mtu na dada yake.

Ndivyo ilivyokuwa kweli, kulikuwa na mtu na dada yake. Nilikuwa nimepangiwa kikao Mtwara, na kesi ilihusu nyumba ya mawe ya Mikindani waliyoachiwa na baba yao, mfanyabiashara. Kaka, mzee wa kanzu na kofia iliyodariziwa vizuri, aliishi humo miaka mingi akaikarabati, akaamini imekuwa yake peke yake. Dada alitaka fungu lake la mirathi, akashinda mahakama ya chini, na kaka akakata rufaa. Siku ya hukumu karani alipoita "Kooorti!" na watu wakasimama, niliwaona benchi la nyuma mama yangu na baba mkubwa. Sikuwaalika. Walikuja na basi la asubuhi, wamekaa wima kama wanafunzi, baba mkubwa amefunga vifungo vyote vya shati. Sikuwatazama tena, maana sauti ingenisaliti.

Nikasoma. Nilisoma kwa Kiswahili kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani niliona hukumu ikifika kwa watu wakati inasomwa. Niliposema kaka ameitunza nyumba kwa jasho lake, mzee akatikisa kichwa kukubali. Niliposema kutunza mali ya urithi hakumfuti mrithi mwenzio, kichwa kikasimama. Dada akashika mdomo kwa ncha ya ushungi. Nilipofika mwisho, kwamba rufaa ya kaka imetupwa na dada apate fungu lake, sikuwa na haja ya kuvua miwani. Nikavua hivyo hivyo, kwa mazoea.

"Mmesikia?"

Mzee akasimama taratibu, ameshika ukingo wa benchi. "Nimesikia, mheshimiwa. Nimeshindwa." Akafikiri kidogo. "Sikupenda, lakini nimesikia."

Nikamweleza haki yake ya rufaa. Akasema atakwenda kuzungumza na dada yake kwanza. Wakatoka mlango mmoja, mmoja mbele, mwingine nyuma yake kidogo.

Alasiri nilikuwa barazani kwa mama, nimevua viatu, nakula muhogo wa kuchoma na pilipili.  Baba mkubwa alikuwa anageuza kipande chake cha muhogo mkononi, hakili.

"Yule mzee wa Mikindani ana bahati," akasema mwishowe.

"Bahati gani, shemeji?" mama akauliza. "Kapoteza sehemu ya nyumba."

"Kashindwa, na kajua kashindwa. Kaenda kwake ntu mzima. Mie nilishindwa, nikaenda kufagia miti ya watu."

Mama akaweka sahani chini. "Na mie nilishinda, nikalala na njaa."

Wakatazamana, wazee wawili ambao zamani walishtakiana hadi mahakama ya juu, na mama akaanza kucheka. Baba mkubwa akafuata. Walicheka mpaka mzee akapaliwa, mama akampiga mgongoni, na mimi jaji mzima nikafunika uso kwa kanga nikalia kwa furaha, hadharani, bila aibu.

Asubuhi niliamshwa na chwa, chwa, chwa. Nikatoka. Baba mkubwa alikuwa kwenye mstari wa kwanza, mgongo umepinda siku hizi, anapumzika kila baada ya mti. Nikachukua ufagio wa pili ulioegemezwa ukutani nikaanza mstari wa pili. Nilipofika mti wa tatu mama akatokea mlangoni na kikombe chake cha chai, akakagua kazi yangu.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "pale nyuma umeruka."

Nikarudi nikafagia.